Upande Usiofagiwa

Siti alinipigia simu akaniambia, njoo, sijui nichukue nini. Hakutaja harusi, ingawa zilikuwa zimebaki siku tano, wala hina, wala wale wageni wa kutoka Jego ambao Mama Mkubwa alikuwa akiwawazia mpaka anaunguza wali. Alisema hilo tu, sijui nichukue nini, kwa sauti ya mtu aliyesimama katikati ya chumba na nguo mkononi. Nikaomba ruhusa chuoni, nikateremka kutoka Kwale mjini na kibegi kimoja, na alasiri ikanikuta Kinondo, nimekaa juu ya kitanda cha kamba tulichokilalia wawili kwa miaka tisa, natazama vitu vyake vilivyotandazwa sakafuni kama vya mtu anayeuza mitumba.

"Wewe ulipokwenda hosteli," akaniuliza, "ulijuaje cha kuacha?"

"Sikujua. Nilikosea."

"Ulikosea najua. Nimekuuliza ulifanyaje."

Sikumjibu siku ile. Mimi hujibu kwa kalamu, tena nikichelewa. Jibu lake ndilo hili.

Lazima nianze na chumba, kwa sababu mambo yote yalitokea humo. Kuta zake hazifiki juu. Zinapanda mpaka kupita kichwa cha mtu mrefu, zinakoma, na baada ya hapo ni hewa, kisha makuti. Kwa macho ni chumba, kwa masikio nyumba nzima ni ukumbi mmoja: anayekohoa sebuleni anakukoholea kitandani, na kijiko kikianguka jikoni unajua ni kijiko gani. Dirisha linatazama mikorosho. Asubuhi jua hupita katika majani ya mikorosho likaingia vipande vipande, likatembea sakafuni kutoka upande wa Siti mpaka upande wangu, na nilipokuwa mdogo niliamini kwamba jua huzaliwa kwa Siti, mimi huletewa likishamchosha. Kwa nini nililelewa na Mama Mkubwa, dada wa mama yangu, pamoja na bintiye, si habari ya sura hii. Nilikuja nikiwa na miaka tisa, Siti akasogea ukutani, akasema, "Lala hapa," na mgao wa chumba ukawa umekwisha.

Mwaka ninaousema ni ule tulipokuwa na miaka kumi na minane, tumemaliza kidato cha nne, tunangoja matokeo. Siti ananizidi miezi mitano, na ile miezi mitano alikuwa akiidai kama watu wanavyodai kiti cha mbele. Ijumaa alitaka nimwamkie. "Shikamoo, Siti," nasema, yeye anaitikia kwa sauti ya kibibi, "Marahaba, mjukuu wangu, umeniletea tambuu?" Siku zetu zote zilikuwa za makuti. Mama Mkubwa huwashonea watu wanaoezeka nyumba za wageni kule Diani, na sisi tulikuwa tukiloweka majani ya mnazi, tukiyakunja juu ya kijiti, tukiyashona moja juu ya jingine mpaka vidole vinanuka maji ya juzi. Siti alishona mawili nilipomaliza moja. Alishona akizungumza. Alizungumza na mimi, na kuku, na wapita njia, na mimi nikimsikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani, sikumjibu lakini nisingetaka izimwe.

Sikuwa bubu. Nilikuwa naona haya tu, haya iliyokaa kooni kama mwiba wa samaki. Dukani Siti ndiye aliyeagiza. Zahanati Siti ndiye aliyemweleza daktari kwamba tumbo linaniuma, na daktari akamtazama yeye ulimi. Simu ikilia, nampa yeye. Hata ilipokuwa ni ya kwangu alipokea akasema, "Meju yupo hapa anatikisa kichwa, anasema ndiyo." Yale ambayo sikuyasema niliyaandika. Nilikuwa na madaftari sita yenye majalada ya buluu, chini ya mto, na Siti kwa miaka tisa hakuwahi kuyafungua. Aliyapangusa vumbi. Aliyahamisha mvua ilipovuja. Hakuyafungua, na mimi wakati huo sikuona kwamba hilo lilikuwa jambo la kushukuriwa.

Matokeo yalikuja alasiri moja ya joto. Simu iliyokuwa ikifanya kazi nyumbani ilikuwa ya Siti peke yake, kwa hiyo yeye ndiye aliyeyasoma. Alisoma yangu kwanza. "Meju, umepita. Umepita vizuri, we." Kisha akasoma yake, akasema, "Mimi nimekula mweleka," akacheka, akatoka kwenda kugeuza majani kwenye maji. Nilimsikia akiyapiga yale majani, chwa, chwa, kwa nguvu kuliko yalivyohitaji kupigwa. Nami nilifanya nini? Nilitoa daftari la sita nikaandika sentensi ambayo sitaificha hapa, kwa kuwa nimekwisha kuificha vya kutosha. Niliandika: Nimefurahi kwamba Siti hakupata nilichopata mimi. Kalamu haikusita. Nafikiri nilitaka, mara moja tu, pawe na mahali ambapo jua linaanzia upande wangu. Lakini hiyo ni sababu niliyoitafuta baadaye. Siku ile nilifurahi tu, halafu nikaenda kumsaidia kugeuza majani.

Barua ya kuniita chuoni, ilipofika, ilikuwa na karatasi ya pili, ya sheria za hosteli. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wote walale hosteli. Chumba kimoja wasichana wanne. Kila mmoja alete shuka mbili, chandarua, ndoo, beseni, na sanduku moja lenye kufuli. Neno "moja" lilikuwa limepigiwa mstari. Hakuna kupika, hakuna jiko la umeme, hakuna kupigilia misumari ukutani. Siti aliisoma kwa sauti akiwa amekaa kizingitini. "Hii ni hosteli au ni kaburi?" akasema. "Hata kaburini watu hawapimiwi mizigo."

Sanduku la bati lilikaa katikati ya chumba wiki mbili, wazi, kama mdomo wa mtoto anayengoja kulishwa. Kila aliyeingia alitia kitu na kila aliyetoka alitoa kitu. Mama Mkubwa alitia chupa ya mafuta ya nazi, kisha bilauri tatu za kukaribishia wageni, kisha, siku moja nimekwenda kuoga, akatia mbuzi ya kukunia nazi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma, kimekaa juu ya shuka zangu kama bwana mkubwa.

"Mama, haturuhusiwi kupika," nikasema.

"Nani amesema upike? Utakuna tu."

"Nikune nazi niipeleke wapi?"

"Huko Kwale juu hawali nazi? Watu gani hao?" Akaniangalia kwa huruma. "Mtoto wa kike aende ugenini hana mbuzi. Watasema umetoka wapi?"

Nikaitoa. Kesho yake ikarudi. Tulifanya hivyo mara nne, hatukutajiana, mpaka ikawa kama mchezo wa bao. Jirani yetu Mama Zuhura, aliyekuwa akija kushona makuti nasi, alikuwa na kanuni yake. "Usichukue vyote, mwanangu," alisema, uzi kati ya meno. "Mtu asiyeacha kitu nyuma hana sababu ya kurudi. Lakini usiache ovyo. Unachoacha ndicho kinachokusema ukishaondoka." Nililiandika neno hilo. Nimegundua kwamba nikiandika jambo huwa naona nimekwisha kulitenda.

Sasa nikifumba macho naziona zile siku kama zimelowa. Kulikuwa na mvua za vuli zilizochelewa, mikorosho ilikuwa ikidondosha maji saa nzima baada ya mvua kukatika, na tulikula muhogo wa nazi kwa mchunga, ule uchungu wake wa majani ukikaa ulimini mpaka jioni. Nilitembea chumbani nikigusa vitu. Kile kioo chenye ufa, ambacho ukijitazama upande wa kushoto una macho matatu. Redio iliyofungwa kwa mpira. Leso yetu ya michoro ya korosho, ambayo Mama Mkubwa alitununulia doti moja, akaikata, kila mtu kipande chake, akasema, "Doti haiachani, inapeana nafasi." Vilikuwa vitu viwili viwili, au kimoja cha wawili, na hakuna kilichoniambia ni cha nani. Ningechukua kioo, Siti angejitazamia wapi? Ningeacha leso yangu, je, ningekuwa nimeacha leso au nusu ya kitu? Nilikaa kitandani nikawaza hivyo mchana kutwa, nikajiona mtu mwema anayefikiria wengine, kumbe nilikuwa nikizunguka pembeni mwa lililokuwa likinisumbua, yale madaftari.

Kisha ukaja ule mchana. Tulikuwa tumekula, joto limesimama, mimi na Siti tumejilaza kitandani, yeye ukutani mimi nje, kama siku zote. Mama Mkubwa na Mama Zuhura walikuwa barazani wakishona, na maneno yao yalipanda juu ya ukuta yakashuka kwetu pole pole kama vumbi la makuti.

"Utaweza na mmoja?" Mama Zuhura aliuliza.

"Nitaweza. Mungu amegawa. Mejumaa kampa kichwa, Siti kampa mikono. Kichwa kinakwenda chuoni, mikono itanibakia nishonee makuti." Akacheka, cheko la mapenzi kabisa, hakuna aliyelisikia ambaye angelikosea.

Siti alikuwa akichezea uzi uliotoka kwenye mkeka. Kidole chake kikasimama. Sikugeuka. Nilijua macho yake yako wazi, naye alijua yangu yako wazi, na tukapumua kama watu waliolala, kwa ustadi, mpaka alasiri ikaadhiniwa. Ningeweza kusema neno. Hata "Siti" tu lingetosha. Lakini mdomo wangu siku zote ulikuwa ni yeye, na huwezi kumwomba mdomo ajisemee mwenyewe pole.

Siku ya kuamkia safari niliamua. Nilifanya haraka, Siti akiwa kisimani. Nikatoa leso, nikatoa redio, nikakiacha kioo ukutani. Nikayatia madaftari yote sita chini kabisa, juu yake shuka, juu yake nguo, nikafunga kufuli, nikautia ufunguo kifuani. Nilijiambia ni kwa sababu hosteli ina upweke. Ukweli ni kwamba niliiona ile sentensi ya daftari la sita ikimngoja Siti chini ya mto, na niliogopa. Aliporudi aliweka ndoo, akatazama kitanda, akanyanyua mto wangu, akaushusha taratibu. Leso yangu ya korosho ilikuwa imekunjwa pale juu, vizuri, na redio pembeni yake.

"Umeniachia vitu," akasema.

"Nimekuachia ili uvitumie."

"Na maneno yako umeyatia kufuli."

Nikashika kifua, pale ulipokuwa ufunguo.

"Miaka tisa, Meju. Nimewahi kufungua hata jalada?"

"Hapana."

"Basi kinachofungiwa ni nini?" Alingoja. Alinipa muda, zaidi ya mtu yeyote mwingine ambaye angenipa, nami nikatazama miguu yangu. Akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma, "Basi. Mikono imeelewa."

Asubuhi hakutoka kuniaga. Alikuwa nyuma ya nyumba akishona, na safari hii alikuwa akishona kimya. Mama Mkubwa alinisomea dua kizingitini, akanipaka mate utosini kama mtoto, akalibeba sanduku upande mmoja mimi upande mwingine mpaka njiani. Kwetu msafiri akitoka, chumba chake hakifagiwi mpaka ijulikane amefika. Ukifagia unamfagia na yeye, anapotelea njiani. "Ukifika umpigie mwenzio," alisema, "tupate kufagia. Unajua mimi simu yangu imekufa." Nikasema nitampigia. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Hosteli ilikuwa juu mlimani, ambako asubuhi ukungu huingia madirishani kama mgeni asiyebisha hodi. Nilikuwa sijawahi kulala mahali ambapo kuta zinafika juu. Usiku wa kwanza nilisikiliza nyumba nikasikia ukuta tu. Wenzangu watatu walikuwa wa bara, wachangamfu, Kiswahili chao kinaruka ruka, na aliyelala kitanda cha juu yangu aliitwa Mercy. "Meju, hiyo boksi yako iko na nini, mawe?" aliniuliza siku ya kwanza akilisukuma kwa mguu. "Ama umebeba shamba ya kwenu?" Nikatikisa kichwa. Akangoja mtu aeleze maana ya kutikisa kichwa kwangu, na hapakuwa na mtu.

Nilikuwa nimekusudia kumpigia Siti jioni ile kwa simu ya hosteli. Niliandika kwanza nitakayoyasema, nikayakata, nikayaandika tena. Kesho yake nikaona kwamba nimechelewa siku moja, kwa hiyo lazima niombe radhi ya kuchelewa, na hiyo nayo inataka maneno. Siku ya tatu nilimpigia Mama Zuhura, nikamwambia amwambie Mama Mkubwa nimefika salama, nikakata kabla hajauliza. Nikajiona nimetimiza. Mama Mkubwa amejua, watafagia. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, mwezi. Kutoka Kwale mpaka Kinondo si safari, ukiondoka baada ya chai unakuta chakula cha mchana, na wenzangu wa Ukunda walikuwa wakienda kwao kila Jumamosi. Mimi nilibaki kitandani nikitazama mbao za kitanda cha Mercy. Aibu hurefusha njia kuliko miguu. Na madaftari yale niliyoyabeba, sikuyafungua hata moja. Nilikuwa naogopa sentensi yangu kama mtu anayelala na nyoka sandukuni, kisha anashangaa mbona hapati usingizi.

Ilikuwa Ijumaa moja, muhula umefika katikati. Mmoja wetu, msichana wa Taita, alikuwa amefunga begi anakwenda kumwona babake mgonjwa. Tulimsindikiza mpaka mlangoni, akakata kona, na Mercy akageuka hapo hapo akachukua ufagio. Alikuwa msichana msafi, hakuwa na neno. Akaanza kufagia chini ya kitanda cha yule mwenzetu.

"Usifagie," nikasema.

Mercy akasimama. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza kunisikia nikianza mazungumzo. "Kwani kuna nini?"

"Hajafika. Mtu akisafiri hufagii mpaka aseme amefika. Unamfagia."

"Na asiposema?"

"Atasema. Lazima aseme."

"Sasa asiposema," Mercy akauliza, si kwa dhihaka, alitaka kujua kweli, "si hiyo chumba itakaa chafu tu? Nani atangoja hivyo?"

Nikafungua mdomo nimjibu kwamba hakuna wa kungoja hivyo. Nikamwona Siti. Sikumwona kwa ndoto wala kwa mawazo, nilimwona kama alivyo, na ule ukaidi wake wa miezi mitano, na nikajua kwamba yupo wa kungoja hivyo. Jumamosi nilivaa viatu kabla ukungu haujainuka.

Mama Mkubwa alikuwa uani akichambua mchele. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama kutoka miguuni mpaka kichwani kupima kama nimepungua, kisha akaashiria ndani kwa kidevu. "Nenda ukamalizane na mwenzio. Mimi kanishinda. Nilimwambia, 'Mama Zuhura kaleta habari, mtoto kafika, fagia.' Akaniambia, 'Hajaniambia mimi.' Ufagio niliushika mwenyewe mara mbili, akaninyang'anya. Mimi, mamake."

Niliingia. Upande wa Siti sakafu ilikuwa safi, mistari ya ufagio wa chelewa imelala sambamba kama nywele zilizochanwa, na ile mistari ilikuja mpaka katikati ya chumba ikakoma, palepale, kana kwamba kuna ukuta. Ng'ambo yake palikuwa pangu. Mchanga uliopeperushwa na upepo wa dirishani ulikuwa umejaa tele, na ndani ya ule mchanga palikuwa na alama ya mraba mahali sanduku lilipokaa wiki mbili. Maganda ya njugu tulizokula. Kipande cha karatasi ya kaki. Kishikizo changu cha nywele. Majani makavu ya mkorosho, na karibu na kitanda, umbo la kisigino changu, limefifia, lakini langu. Vyote vilikuwa kama nilivyoviacha asubuhi ile. Nilikuwa nimehangaika wiki mbili kuamua niache nini, na hiki ndicho nilichokuwa nimekiacha.

Siti alikuwa amekaa kitandani, ukutani, anashona. Hakuinua kichwa. "Umefika?" akauliza.

"Nimefika," nikasema.

Akaweka sindano. Alichukua ufagio nyuma ya mlango akaninyooshea, nami nikautazama, nikajua nikifagia sasa hivi yataisha, tutakula, tutacheka, na ile sentensi itabaki ndani ya sanduku. Nilikuwa nimekuja na daftari la sita kifuani, chini ya buibui. Nikalitoa. Sikumpa asome, kwa sababu kusoma kungekuwa ni kazi yake. Nilimsomea mimi, kwa sauti, nikiwa nimesimama katika uchafu wangu, na niliposoma neno nimefurahi sauti yangu ilipanda juu ya ukuta, na huko uani mchele ukaacha kuchambuliwa.

Siti aliuegemeza ufagio kitandani. Kuku aliingia akatoka.

"Hilo ndilo ulilolitia kufuli," akasema mwishowe.

"Ndilo."

"Mimi niliomba dua ukose."

"Lini?"

"Barua ilipokuwa bado. Niliomba ukose nafasi ya chuo, tubaki wote. Niliswali kabisa, Meju, na sunna nikaongeza." Akafuta uso kwa leso, na niliona ni kile kipande changu, cha korosho. "Alhamdulillahi hakunisikiliza. Ungekuwa hapa unanishonea makuti mabovu."

"Yale makuti ya Meju yanavuja," Mama Mkubwa akasema kutoka uani, na tukacheka mpaka Siti akashika ubavu. Kisha nikafagia. Tangu siku ile nikifika hosteli humpigia kabla sijavua viatu, nasema neno moja, naye anasema, "Haya, nafagia," na simu inakatwa.

Huo ndio mwaka wenyewe, na huko ndiko kuchagua kwangu. Ningeulizwa leo ningemwambia Siti kwamba vitu vinajichagua, ila usiondoke na jambo alilopaswa kulijua mwenzio. Lakini alikuwa bibi harusi, ana mambo yake, na mwishowe alijichagulia. Alichukua nusu yangu ya leso, akaniachia yake. Kioo alikiacha. Mbuzi ya kukunia nazi aliipokea bila neno, na Mama Mkubwa akanitazama juu ya kichwa chake kama mtu aliyeshinda kesi ya miaka. Dakika ya mwisho, hina haijakauka vizuri, akaniambia, "Nipe daftari moja."

"Lipi?"

"Lile lenye ubaya wako. Nikikukumbuka sana nitalisoma nikukasirikie, nipate kulala."

Nikampa. Halina kufuli.

Walimtoa baada ya alasiri, kwa vigelegele. Jego ni mbali, kusini kabisa, karibu na mpaka, na mumewe analima mpunga huko. Gari lilipokata kona wanawake walirudi ndani, na shangazi mmoja wa Msambweni, mwepesi wa kazi, akaingia chumbani akakuta asumini na mchele na vikaratasi vimetapakaa upande wa Siti. "Ee, harusi inachafua," akasema, akainama na ufagio. Chumba kilikuwa kimejaa watu wazima.

"Shangazi, usifagie," nikasema, kwa sauti iliyofika sebuleni. "Hajafika."

Wote wakanigeukia. Shangazi akaninyooshea ufagio. "Kweli, mwanangu. Shika wewe basi."

Nikakaa na ule ufagio kizingitini. Jua lilipita juu ya mikorosho likaondoka, magharibi ikaadhiniwa, watu wakaswali, sahani zikaoshwa. Simu ilikuwa mapajani. Ilipolia niliipokea mwenyewe.

Kulikuwa na ngoma nyuma yake na sauti za wanawake nisiowajua. "Meju," akasema.

"Umefika?"

"Nimefika."

Nikaingia chumbani. Nikaanzia ukutani kwake, nikaja na ufagio mpaka kwangu, na katikati sikusimama.